Hodi Ubavuni mwa Marigold

Boti Marigold,
Marbrook, mwisho wa mfereji
8 Septemba 1969

Enoch,

Anayeandika ni Bi Lettice Pargeter, katibu wa chama cha kuutunza mfereji, maana mimi na kalamu hatujawahi kupatana, na kwa umri huu hatutaanza leo. Yeye huandika ninachosema na kunisomea kinachokuja. Kwa hiyo ukitaka kunitukana, ujue unanitukana mbele ya mgeni.

Sikuandikii kwa mapenzi. Tangu baba afe ukashuka botini, ukavaa kofia ya ofisi ya mifereji na kwenda kulala kwenye nyumba ya matofali chini ya Tuta la Prindle, pale mfereji unapopita juu, nilisema sitakanyaga kwako, na sijakanyaga. Nakuandikia kwa sababu ya maji.

Jumamosi vijana wa chama walikuja na maboti yao ya kuzolea tope. Hata kabla hawajafika kwenye tuta lako wakakwama, maji yamewaishia chini ya matumbo ya maboti. Huku kwangu birika liliteleza kutoka jikoni likamwangukia paka, nikajua Marigold imekaa juu ya tope. Na mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Maji yalitakiwa kujaa, sasa yamekwenda wapi? Kutoka kwako hadi kwangu hakuna lango la kuzuia maji hata moja, ni maji mamoja. Yakipungua kwako yanapungua kwangu. Na kile kizibo cha kumwagia maji kijitoni kina mpini mmoja, na mpini unao wewe.

Unajua kinachonikosesha usingizi. Mkaguzi wa serikali anakuja Jumamosi ya tarehe 15 Novemba. Boti ikipita kutoka njia panda ya mifereji mpaka Marbrook akiiona kwa macho yake, mfereji unabaki wazi. Isipopita wanaufunga na kuukausha, na mimi wananipeleka mjini kwenye ghorofa la wazee, nikaangalie ukuta. Nilizaliwa ndani ya boti hii, imefungwa kwenye pete hii hii. Wewe pia, kama hujasahau.

Sasa nijibu. Ni wewe unayeyamwaga?

Halafu uwaambie wenzako huko ofisini: wiki jana bwana mmoja wa kwenu aliruka akaingia botini kwangu bila kugonga ubavuni. Nilimmwagia maji ya viazi. Mwingine akija hivyo atapata ya moto.

Keziah
(Hapa amechora ua. Ndiyo saini yake. — L.P.)


Nyumba ya mlinzi, Tuta la Prindle
12 Septemba

Dada Keziah, na salamu kwa Bi Pargeter,

Barua nimeipata. Bwana wa maji ya viazi alirudi ofisini na maganda kwenye kola, na hakusema ameyatoa wapi. Nilijua.

Kuhusu maji, maji hupanda na hushuka. Umeishi juu yake maisha yako yote, sihitaji kukufundisha.

Nina ombi moja. Waambie vijana wazoe tope upande wa Marbrook kwanza, ambako liko jingi. Huku kwenye tuta wasije na yale maboti yao mazito, na wakija basi waende mwendo wa bata. Wanapita kwa kasi, wanapiga mawimbi huku na huku kama wako baharini.

Na nina swali. Barua zangu anazisoma Bi Pargeter peke yake, au zinasikilizwa na wengine?

Mguu wako vipi siku hizi? Baridi ikianza funga flana.

Mdogo wako,
Enoch


Boti Marigold
6 Oktoba

Enoch,

Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana, umenijibu kuhusu flana.

Maji yameshuka tena, na tena. Kila yanaposhuka ni Ijumaa jioni, na kila Jumamosi vijana wanakuja wanakwama. Bi Pargeter anasema mara moja ni bahati mbaya, lakini hii sasa ni kazi ya mtu. Mimi nilikuwa bado nakutetea. Nilisema Enoch ni mvivu, ni mwoga wa wakubwa, anakula chumvi nyingi, lakini hawezi kuuza maji aliyozaliwa juu yake.

Halafu akaja Sid Batchelor, yule mwenye shamba na trekta hapo jirani yako. Amekuona jioni unasukuma toroli la udongo, unapandisha tutani, unaumwaga mfereji ulipo. Si mara moja. Akakuita, ukajifanya hukusikia. Sasa niambie, mlinzi wa mfereji anatia udongo mfereji ulipo kwa ajili gani? Wenzako wameshaanza kuufukia hata kabla mkaguzi hajaja, na wewe ndiye waliyekukabidhi koleo?

Na unawakataza vijana wasije kwenye tuta. Wasije waone nini?

Unauliza nani anasikiliza barua zako. Wote. Bi Pargeter huzisoma kwenye mkutano wa chama, kwa ruhusa yangu, na bwana mmoja wa gazeti hukaa mstari wa mbele na kuandika. Kama unasema kweli, kwa nini uogope masikio?

Keziah
(Ua, safari hii kwa nguvu kidogo, karatasi imetoboka. Bwana Enoch, ningependa ujue kwamba mkutano uliipokea barua yako kwa kicheko pale penye flana. Sikukipenda kicheko kile. — L.P.)


Tuta la Prindle
10 Oktoba

Dada Keziah,

Kwa hiyo nakuandikia wewe, Bi Pargeter, mkutano mzima na bwana wa gazeti. Haya, hamjambo nyote.

Kuna jambo siwezi kuliandika. Likitoka mdomoni mwangu likaingia gazetini, kesho yake ofisi italisoma, na keshokutwa hakutakuwa na mfereji wa kukaguliwa. Si baya kama unavyodhani. Ni baya kwa namna nyingine.

Nitasema hili tu. Udongo aliouona Sid ni wa mfinyanzi, ule mwekundu wa shimo la Hobday, ule ambao baba alikuwa akitutia ndani yake miguu mitupu tuukanyage mpaka ulainike. Wewe ulikuwa unaimba na mimi nalia baridi. Kaa ufikiri, dada. Fikiri alikuwa anautumia wapi.

Nitakuja Jumapili tarehe 19 mchana, baada ya kanisa. Uwe peke yako, nikuambie ana kwa ana. Nakuomba kwa jina la mama.

Enoch


Tuta la Prindle
20 Oktoba

Dada,

Nilikuja.

Nilikuja kwa miguu kwa ile njia ya farasi kando ya mfereji, nikavua kofia kabla ya kufika ili usiione. Nikakuta moshi unatoka kwenye dohani yako, na paka amekaa juu ya paa ananiangalia kama hakimu. Nikagonga ubavuni. Nikangoja. Nikagonga tena, nikaita jina lako. Ndani kijiko kilikuwa kinagonga kikombe, kikaacha. Nikagonga mara ya tatu.

Baba alitufundisha: gonga, ngoja, usipoitwa ondoka. Boti ya mtu ni chumba chake cha kulala. Alituambia hata kama unaona boti inaungua, gonga kwanza, na tulicheka sana siku ile. Sijawahi kukanyaga boti ya mtu bila kuitwa, na yako ndiyo ningeanza nayo? Nikasimama pale mpaka watu wa boti ya jirani wakaanza kuchungulia. Nikaondoka.

Niliumia, nisikufiche. Nilirudi nyumbani nikilia kama mtoto, na mimi mzee wa kuvuta kiko.

Nitajaribu njia nyingine. Tafadhali, mvua zikianza kwa nguvu, usimruhusu mtu yeyote aguse chochote kwenye tuta. Chochote.

Enoch


Boti Marigold
13 Novemba

Enoch,

Nilikuwemo. Kijiko kilikuwa changu. Nilikuona kwa tundu la pazia, ukiwa na kofia mkononi, kichwa kimekuwa cheupe chote. Sikujua kimekuwa cheupe. Nikanyamaza kwa sababu nakujua: ungeingia, ungekaa kwenye kiti cha mama, ungenywa chai yangu kwa kelele, na mimi ningekuamini lolote utakalosema. Sikutaka kukuamini.

Baada ya hapo maji yameshuka tena, mara ngapi sijui, nimeacha kuhesabu. Sasa imebaki keshokutwa mkaguzi aje. Mvua imenyesha tangu Jumatatu na mfereji umejaa mpaka mdomoni, Marigold inaelea vizuri kama siku za baba. Safari hii hutayagusa.

Jana ofisi yako ilikuita mjini, Sid aliniambia umeaga mpaka Ijumaa. Alinipakia kwenye trekta, mimi na mguu wangu, akanifikisha kwenye tuta. Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza nimeiona nyumba yako. Umepanda maharage. Nikakifunga kile kizibo kwa mnyororo wa baba, ule wa kufungia boti siku za mafuriko, nikatia kufuli. Ufunguo uko shingoni mwangu, na hapo shingoni hufiki bila kugonga. Ukirudi, kaa ndani kwako unywe chai, uiache boti ipite Jumamosi. Ikishapita njoo. Nitakuita ndani, na utaniambia hilo jambo lako lisiloandikika, na nitakusikiliza mpaka mwisho. Naahidi.

Keziah
(Mimi sikuwepo tutani na sikushauriwa. Nimeandika kama alivyosema. Bwana Enoch, kuna kitu hakinikai sawa tangu barua yako ya udongo. Nimemuuliza dada yako udongo ule ulikuwa wa nini, akasema amesahau. Sidhani kama amesahau. Ukiweza niandikie mimi binafsi, na naapa halitasomwa popote. — L.P.)

[Juu ya bahasha, kwa penseli, mwandiko wa mtu wa posta:]
Irudi kwa aliyeandika. Jumamosi 15 Nov. Nimefika, nyumba haipo. Barabara imejaa maji. Mlinzi yuko hai, wamempeleka ukumbi wa kanisa.


Ukumbi wa kanisa, Prindle
18 Novemba

Keziah,

Mtu wa posta kaniambia kulikuwa na barua yako na kwamba imerudi. Kwa hiyo sijui ulichoniandikia. Sasa sina cha kuficha, na bwana wa gazeti alikuja mwenyewe na kamera yake, kwa hiyo soma mbele ya yeyote umtakaye.

Tuta lilikuwa linavuja. Tangu majira ya baridi ya mwaka jana. Mwanzo ni jasho tu upande wa nje, juu ya bustani yangu, majani yanabaki mabichi wakati kwingine yamekauka. Kisha uzi wa maji. Ningeiambia ofisi, wangeshukuru sana. Ndicho walichokuwa wanakitafuta, sababu ya kufunga hata bila mkaguzi. Wangeukausha wiki hiyo hiyo, na wewe ungelala kwenye tope. Basi nikanyamaza, nikaziba mwenyewe kwa udongo wa Hobday, toroli kwa toroli, kama baba. Mfereji ukijaa tuta linalemewa, kwa hiyo nilipunguza maji mvua ilipozidi. Na nilipunguza kila Ijumaa ili yale maboti ya chama yakwame kabla ya kufika, maana mawimbi yao yalikuwa yanakula ukingo mle mle nilimoziba. Jumamosi ya mkaguzi nilikuwa nimepanga boti moja tu ipite, tupu, ikivutwa kwa kamba, polepole, mimi mbele yake. Ingepita, Keziah. Nimelipima mara mia kichwani, ingepita. Halafu ningeomba mafundi kwa mfereji ulio wazi kisheria, si mfereji wa kuzikwa.

Mimi mwenyewe nililala chini ya tuta hilo. Mtu aliyenunuliwa analala hapo?

Ijumaa nilitoka mjini mbio, nikiiangalia mvua dirishani mwa basi. Nilifika giza linaingia. Maji yalikuwa sawasawa na ukingo. Nikachukua mpini nikaenda kwenye kizibo, mkono ukagusa chuma. Nilijua ni nini kabla sijawasha tochi. Kile kiungo cha shaba ambacho baba alitia pale mnyororo ulipokatika. Nilikaa chini kwenye maji.

Kisha nikaenda kuleta msumeno. Nilikata mpaka mkono ukafa ganzi. Chuma cha baba hakikatiki, unakijua. Nikasikia tuta linanguruma, si sauti kubwa, kama mtu anayegeuka kitandani. Nikauacha msumeno, nikakimbilia kwa akina Dukes kule chini, mama na watoto wake na bibi asiyetembea. Sikugonga mlango. Nilijua nikigonga watauliza nani, na hakuna nafasi. Niliuvunja kwa bega, nikamkuta mama Dukes anaoga kwenye pipa mbele ya jiko, akanipiga na jagi. Nilimbeba bibi, wao wakanifuata kwa mashuka. Tulikuwa kwenye kilima tuta lilipopasuka, tukaona nyumba zinakwenda na maji. Yangu ilikwenda kwanza. Kuku wote, na kiti cha baba.

Hakuna aliyekufa. Nimeandika hilo mara tatu kwenye karatasi za ofisi na bado napenda kuliandika: hakuna aliyekufa.

Watu wa ofisi wameukuta mnyororo kwenye tope, umeshikilia kizibo vile vile. Wakauliza ni wa nani. Nikasema ni wa baba yangu na nimeufunga mimi, nilihofia vijana wasije wakakichezea kizibo. Wamechukua kofia. Wamesema tuta halitajengwa, mfereji umefungwa. Mkaguzi alikuja Jumamosi, akasimama ukingoni na viatu vizuri, akaangalia shimo, akarudi kwenye gari lake.

Nina hasira na wewe. Nimejaribu kuandika barua hii bila hasira, imeshindikana. Niligonga mara tatu. Ungesema ingia, neno moja. Na nina hasira na mimi, maana niliweza kuvunja mlango wa mama Dukes nisiyemjua vizuri, na wewe dada yangu nilisimama nje na kofia mkononi kama mdai.

Wanatupa supu hapa. Haina chumvi.

Enoch


Boti Marigold
21 Novemba

Mdogo wangu,

Bi Pargeter anaandika na machozi yanamdondoka kwenye wino, nimemwambia afute, aandike, asitie chumvi yake.

Barua yako amenisomea mara mbili. Ya kwanza nilimsimamisha kwenye neno jasho. Nilijua hapo. La, nitasema kweli, nilijua tangu ule udongo mwekundu. Ulipoandika habari ya kukanyaga, miguu yangu ilikumbuka kabla ya kichwa. Baba alikuwa anaziba nao palipovuja, hakuwahi kufukia kitu maishani mwake. Mkutano ulikuwa unanisubiri niseme, Bi Pargeter akaniuliza, nikasema nimesahau. Ningekiri, ningelazimika kukukaribisha ndani. Hilo ndilo nililolifanya, na limetuondolea maji yote.

Barua yangu iliyorudi nimeiweka jikoni, nikaichoma, kisha nikajuta, kwa kuwa mwishoni niliahidi kukuita. Ujue hivyo.

Mnyororo haukuwa wako. Nimepeleka ofisini neno kwamba niliufunga mimi, Keziah, kwa mikono yangu, na ufunguo nimewatumia ndani ya bahasha ili waone. Sid ametia sahihi yake kama shahidi. Kama wanataka kunifunga jela, wakumbuke kuleta machela, siwezi kutembea mpaka barabarani. Hawatakurudishia kofia, najua, na ungeivaa tena ningekung'ata.

Hapa maji yamekwisha. Marigold imelala ubavu juu ya tope, nimefunga birika kwa kamba. Samaki walikufa kwa siku mbili na paka amenenepa. Vijana wa chama walikuja Jumapili, wakaikalia njia ya farasi wakila mikate yao kwa adabu. Ofisi imeniandikia kuhusu ghorofa. Nimejibu kwamba nina mgonjwa wa kuangalia. Mgonjwa ni wewe, usinitie uongoni.

Kitanda chako cha pembeni, kile cha ndani ya kabati, bado kipo, mama alichora kasri na mawaridi juu ya mlango wake na rangi haijatoka yote. Nimeondoa viazi nilivyokuwa naweka pale. Utalala ukiwa umeinama, lakini sote tutainama upande mmoja. Chumvi ipo ya kukutosha.

Njoo kabla ya Jumapili. Kuna ubao wa kupandia upande wa nyuma, angalia usiteleze. Na ukifika usigonge, Enoch. Ingia tu.

Dada yako
(Ua.)